Mchanga wa Mkwe

Tangu nistaafu nimegundua kwamba kuku hawajali cheo. Niliwahi kuwa mkurugenzi wa shirika na wakubwa wa kaunti walinipigia simu; sasa nawafukuza kuku kwenye mahindi yangu na hawageuki hata kuniangalia. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika yale mliyoniomba siku ya kuagana. Mlisema mnataka kujua nilivyokuwa nikishughulikia mambo magumu, na Kevin akaongeza kwamba nisiandike kama ripoti. Nitajaribu, ingawa aliyeandika ripoti maisha yake yote hata barua ya kumsalimia dada yake huiwekea utangulizi.

Jinsi nilivyopanda hadi kufika kwenye kile kiti si hadithi. Waliokuwa mbele yangu walipata kazi Nairobi, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa sitaki kwenda Nairobi. Basi.

Siku ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka vizuri. Nilikuja ofisini, pale mjini Machakos juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikiwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi mara mbili na viatu vya kisigino. Nilitarajia kuonyeshwa meza. Badala yake nilimkuta mwenyekiti wetu, Mzee Kioko, amekaa ndani ya pikapu yake kuukuu, injini inanguruma, mlango wa upande wa pili uko wazi. Alikuwa amestaafu ukaguzi wa kilimo serikalini, na yeye pamoja na akina mama wa kule kwao Masinga ndio walioanzisha shirika hili wakati halina hata jina. Aliniangalia miguu.

"Wewe msichana, hio viatu ni ya harusi ya nani?"

Nikasema ni vya kazi. Akacheka, tukaondoka. Hakuniambia tunakwenda wapi hadi tulipopita Ekalakala na kushuka kwenye mto mmoja mkavu, mchanga mtupu, mweupe, jua linawaka. Katikati ya mto palikuwa na ukuta wa mawe na saruji, na nyuma ya ukuta mchanga umejaa hadi juu. Mahali hapo panaitwa Kwa Nzula. Nilifikiri ameniletea bwawa lililoharibika ili anionyeshe kazi ilivyo ngumu.

"Chimba," akasema.

"Na nini?"

"Kwani Mungu alikupa nini?"

Nikapiga magoti na sketi yangu, nikachimba kwa mikono. Mchanga ulikuwa wa moto juu, halafu ukawa baridi, halafu ukawa mzito, halafu vidole vyangu vikaanza kuzama kwenye maji. Maji safi kabisa, katika mto ambao haukuwa umeona mvua kwa miezi. Mzee Kioko alikuwa ameegemea pikapu akinitazama, na nilipoinua uso akaniambia, "Sasa umeandikwa kazi."

Wale watakaokuja baadaye, watakaoajiriwa kutoka mbali, waelezeni hili kabla ya jambo lingine lolote. Bwawa la mchanga si bwawa lililojaa uchafu. Mafuriko yanaleta mchanga, ukuta unauzuia, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii wala ng'ombe hawayachafui. Mchanga ndio tangi. Anayetoa mchanga anatoboa tangi, hata kama ana shughuli nzuri namna gani ya kuufanyia.

Siku hiyo hiyo Mzee alinipa nondo. Ni chuma cha ujenzi cha kawaida tu, kirefu kunipita, ambacho fundi alikuwa amekifua ncha na kukikata meno madogo pembeni. Unakisukuma kwenye mchanga hadi kigonge mwamba, ukikivuta unaona umbali gani kimelowa. Nimetumia kompyuta na ramani za setilaiti na mashine moja ya kizungu iliyokuwa ikilia kama paka, na bado nawaambia hakuna kifaa kinachosema ukweli haraka kama ile nondo. Haina lugha ya kupendeza mfadhili.

Tukiwa njiani kurudi, akaniambia jambo ambalo wakati huo nililichukulia kuwa maneno ya mzee anayependa kusikika.

"Hapa kwetu kazi haiharibiwi sana na wezi. Wezi ni wachache. Inaharibiwa na haya. Mtu anaona makosa, anaona ni ya mjomba, anaangalia kando. Siku utaona haya kuniambia ukweli, nirudishie funguo ya ofisi, uende nyumbani kwa amani."

Nikasema, "Sawa, Mzee." Ningesema nini kingine siku ya kwanza?

Miaka ya mwanzo nilikuwa afisa wa nyanjani, na nyanjani maana yake ni mwethya. Kwa wasiojua, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja, leo shamba lako, kesho mtaro wangu. Mabwawa yetu yote yalijengwa hivyo. Shirika linaleta saruji na fundi. Mwethya unaleta mawe, mchanga wa kujengea kutoka mahali pengine, maji na mikono. Wanajipanga mstari kutoka mlimani hadi mtoni na mawe yanapita kutoka mkono hadi mkono, watu wakiimba na kutukanana kwa upendo. Asiyekuja anatozwa mbuzi. Asiyekuja tena na tena hachoti maji.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa kesi yangu ya kwanza. Pale Kwa Nzula kulikuwa na nyanya mmoja aliyeumia nyonga, Susu Kalondu, na mwethya ukamkataza kuchota kwa sababu habebi mawe. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Mutheu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Nikaenda pale na karatasi zangu kumweleza kwamba maji ni haki ya kila mtu, kwamba hata katiba ya nchi imesema.

"Katiba ilibeba mawe mangapi?" akaniuliza.

Nilirudi Machakos nimenyong'onyea. Mzee Kioko hakunicheka. Alikuja nami wiki iliyofuata, akakaa kwenye jiwe, akasikiliza kila mtu hadi wakachoka, halafu akauliza swali moja tu: sheria yao inasema lazima mtu abebe mawe, au inasema lazima afanye kazi? Wakaangaliana. Inasema kazi. Basi nani huwa anakoroga uji wa mwethya, na nani huwa anashika watoto wa wanaobeba mawe? Kuanzia siku hiyo Susu Kalondu akawa bibi wa uji, akawa mkali kuliko Mama Mutheu mwenyewe, na alichota maji mpaka alipokufa. Nilijifunza pale kwamba sheria ya nchi na sheria ya watu hazigombani mara nyingi kama tunavyodhani. Mara nyingi hakuna aliyekaa chini kuzisoma zote mbili.

Mzee Kioko ndiye aliyeandika kanuni zetu za mchanga. Mnazijua. Ya kwanza inasema mchanga ulio nyuma ya ukuta hautoki. Ya pili inasema mjumbe yeyote wa bodi atakayeutoa, au atakayeruhusu utolewe, anaacha kiti chake. Wakili aliyetusaidia alipendekeza tuweke maneno ya kulegeza, kama vile "isipokuwa kwa sababu maalumu." Mzee akakataa. Alisema kila mtu ana sababu maalumu, hata fisi anayo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana najua ndilo mnalotaka. Wengine wenu mlilisikia nusu, na nusu mliyosikia haikuwa sahihi.

Nilikuwa mkurugenzi tayari, na Kevin alikuwa amejiunga nasi karibuni kama mhandisi, kijana wa Syokimau aliyekuwa akishangaa kwamba kuna mahali simu haishiki. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Wafadhili wetu walikuwa wanakuja mwezi uliofuata kuamua kama watatupa mabwawa mapya kule upande wa Kithyoko, kwa hiyo tulikuwa tukizunguka kukagua yaliyopo. Tukafika Kwa Nzula. Nikashuka na nondo yangu, nikaisukuma mahali pale pale nilipokuwa nikiisukuma kila mwaka.

Iligonga mwamba kabla haijafika nusu.

Nikadhani nimekosea mahali. Nikajaribu kando. Mwamba. Kevin alikuwa amesogea juu kidogo ya mto, akaniita.

"Madam, kuja uone. Hii mchanga imeenda wapi? Hapa ni kama wamekula."

Kulikuwa na alama za magurudumu makubwa, nyingi, zikishuka kutoka barabarani na kupanda tena. Ukingo ulikuwa umemegwa ili lori lipite. Shimo la kuchotea maji, ambapo zamani ungepiga goti tu ukachota, sasa lilikuwa na msichana ndani yake amezama hadi mabegani, akipokea kata na kumpitishia mwenzake. Mvua ilikuwa bado mbali. Maji yakikauka pale, akina mama wale wangerudi kwenda mto Tana kwa punda kama mama zao, na watoto wangeacha shule wakaongoze punda.

Mama Mutheu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta. Nikamsalimu Kikamba, kama binti kwa mama yake, "Wakya, mwaitu." Akaitika "Aa" ya mtu aliyechoka.

"Haya malori ni ya nani?"

"Kwani wewe hujui? Sisi tulidhani unajua. Hizi zinakuja na ruhusa."

"Ruhusa ya nani, mwaitu?"

Aliangalia mlima ulio ng'ambo, ambapo bati la nyumba ya Mzee Kioko lilikuwa linametameta. Kisha akasema, "Hao vijana wa kupakia walituambia Mwenyekiti amesema. Tukanyamaza. Tungeenda kumwambia nani? Tukiwa na shida, yeye ndiye huwa tunamwambia."

Kevin alifungua mkoba wake wa vipimo bila kuniuliza lolote. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nilimwacha mtoni apige picha na kupima, nikaendesha gari mpaka kwa Mzee. Nilifika kwenye lango lake, nikazima injini, na nikashindwa kushuka. Nilikaa pale nimeshika usukani. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Mume wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekuja hospitalini na chupa ya uji. Nilifikiri niende nyumbani, nimpigie simu kesho, labda nimtume mtu mwingine wa umri wake. Nilifikiri kugeuza gari kwa kweli. Niliwasha hata injini. Halafu nikaizima tena, nikatoa nondo nyuma ya gari, nikaingia.

Mkewe alinikaribisha, akaleta chai, akarudi jikoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Niliegemeza nondo ukutani mbele yake. Ilikuwa imelowa mkono mmoja tu kutoka nchani, juu yake kavu kabisa. Akainama kuiangalia.

"Hio ni ya Kwa Nzula?"

"Ni ya Kwa Nzula, Mzee."

Hakukana. Hilo nalisema kwa heshima yake. Aliniambia yote palepale, akiangalia chai. Baba wa mke wa mwanawe, yaani mkwe wake, ni kontrakta. Anajenga nyumba za kupangisha kule Athi River, karibu na viwanda vya EPZ, wanakopanga wafanyakazi. Alikuja na wazee wake kwa heshima zote, na asali, wakala, wakanywa. Halafu mbele ya wake zao wote wawili, mkwe akaomba mchanga kidogo tu.

"Lori ngapi?"

"Alisema kidogo. Nikasema chukua kidogo. Wewe ni Mkamba, unajua. Ningemkatalia mkwe ndani ya nyumba yangu, mbele ya bibi yake? Mtoto wao ako kwetu. Ningemwambia nini?"

Ndiyo, nilijua. Kwetu mkwe anapoomba kitu mbele ya watu, huwa hana haja ya kuomba mara ya pili. Unaweza kumkatalia mbunge na watu wakakusifu. Ukimkatalia mkwe, mkwe mzima aliyekuja na asali, wajukuu wako watasimuliwa. Na mkwe naye, akishapewa neno "kidogo," ndiye anayelipima. Watu wa mashirika makubwa wanaandika vitabu kuhusu mgongano wa maslahi kana kwamba ni mtu mwenye tamaa na bahasha. Kwa Mzee Kioko hapakuwa na bahasha. Palikuwa na haya, ile ile aliyonionya nayo siku ya kwanza.

"Nitampigia leo," akasema. "Ataacha leo leo, nakuapia. Tumalize hii maneno hapa kwa meza. Mvua ikikuja, mto utarudisha mchanga, hakuna mtu atajua."

Nataka mwelewe kwamba lilikuwa pendekezo zuri. Malori yangesimama. Wafadhili wangekuja na kuona mabwawa mengine. Mzee wa watu angebaki na jina lake. Mkurugenzi mwenye akili timamu angeweza kulikubali na kulala usingizi. Lakini mimi nilikuwa nimetoka mtoni, na nilikuwa nimemsikia Mama Mutheu akiuliza wangemwambia nani.

"Malori yaache leo, Mzee. Ni vizuri. Na kesho nitaiambia bodi, na nitaenda kaunti. Ile kanuni ya pili ni mkono wako uliiandika."

Akaweka kikombe chini. Kisha sauti yake ikabadilika, nami sitaisahau.

"Mimi ndiye nilikuandika kazi. Ulikuja na viatu ya harusi."

"Ndio, Mzee."

"Chukua chuma yako uende."

Nikaichukua. Nililia garini, nawaambia wazi, nililia mpaka Ekalakala. Halafu nikajipangusa na kuanza kupiga simu.

Kwa wale wanaotaka mambo ya kazi, niliyofanya ni haya. Nilimpigia makamu mwenyekiti, Bwana Mutua, aitishe bodi bila Mzee kuwa kitini, maana mtu hawezi kuongoza kikao kinachomjadili. Nilienda mwenyewe kwenye ofisi ya mazingira ya kaunti na picha za Kevin, nikasema nani alitoa mchanga na nani aliruhusu, bila kuzungushazungusha. Mkwe alishtakiwa kwa kuvuna mchanga bila kibali. Kabla ya hapo alikuwa amekuja ofisini kuniona, na debe la asali, akapanda nalo ngazi zote akihema. Nilimwambia asali yake naijua, ilishatugharimu bwawa zima, na nikamsaidia kuishusha.

Halafu nikaenda kuwapigia wafadhili. Hapo Kevin alinifuata hadi mlangoni.

"Madam, si tungengoja kwanza waidhinishe? Wakijua saa hii, si watatuacha?"

"Huenda."

"Sasa?"

Nikamwambia kwamba ukimficha mtu jambo kwa mwezi mmoja, mwezi ukiisha una mambo mawili ya kueleza, na la pili ndilo hatakusamehe. Sikumwahidi kwamba tutatuzwa kwa ukweli, na hatukutuzwa. Walitutumia wakaguzi waliofungua hata kabati la vikombe, wakatuchelewesha msimu mzima, na watu wa upande wa Kithyoko walinilaumu kwa haki. Mwishowe tulipata mabwawa machache kuliko tuliyoomba. Lakini hawakutuacha, na hawakuwahi tena kutuma mtu kufungua kabati.

Kikao cha bodi kilikuwa kigumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Hakuna aliyebisha kwamba Mzee lazima aondoke. Walichotaka ni kuondoka kwake kupambwe. Tuseme ni kwa sababu ya afya, wakasema. Ni mzee, nani atauliza? Nilipinga. Kwanza, Mzee Kioko alikuwa na afya kutushinda sote. Alipanda ule mlima wake bila fimbo, na nusu ya bodi walikuwa wakihema kwa kupanda ngazi za ofisi. Pili, akina mama wa Kwa Nzula walijua kilichotokea kabla yetu. Tukiwaambia ni afya, watajua kwamba sisi wa Machakos hutunza uongo kwa ajili ya wakubwa, na siku lori lingine likija watanyamaza vilevile. Nikasema mkisema afya, nitaulizwa, na mimi sitasema afya. Bwana Mutua, mtu mpole ambaye hajawahi kumkasirisha hata mbuzi, akasema atatafuta maneno.

Tulikutana na mwethya mtoni, pale pale mchangani, kwa sababu mchanga ni wao. Mzee Kioko alikuja. Hakuna aliyemlazimisha. Alikaa nyuma peke yake juu ya jiwe, kofia magotini. Bwana Mutua akasimama, akakohoa, akasalimu makundi yote yanayoweza kusalimiwa, halafu maneno aliyoyatafuta yakamponyoka na akashika yale ya zamani.

"Mwenyekiti wetu, kwa sababu ya hali ya afya, ameona heri..."

Nilikuwa naanza kuinuka. Sikufika.

"Mimi siumwi," Mzee Kioko akasema.

Watu wakageuka. Alikuwa amesimama, na hakuwa akimwangalia Mutua wala mimi. Alikuwa akimwangalia Mama Mutheu.

"Siumwi mahali popote. Mkwe wangu aliniomba mchanga, nikaona haya kumkatalia, nikampa. Haikuwa yangu. Ilikuwa yenu. Kanuni inasema niache kiti, na mimi ndiye niliandika hio kanuni. Nimeacha."

Akaketi. Mama Mutheu ndiye aliyesimama baadaye, na sauti yake, ile ya kuita bonde zima, ilikuwa ndogo.

"Mwethya una sheria yake. Mbuzi mmoja. Na ukuta wa kuzuia ule ukingo uliomegwa ukianza, ukuje ubebe mawe kama sisi."

Mbuzi alikuja siku ya tatu, dume zuri, na mwethya ukamla. Lakini Mzee hakuja kubeba mawe. Ukuta ule tuliujenga bila yeye. Alikuwa anapita barabarani juu yetu na hashuki. Mimi hakunisemesha. Tukikutana sokoni alinipa mkono na kuangalia pembeni, na nilikuwa nikirudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Nilijua nimefanya sawa, na kujua hivyo hakukunisaidia kama watu wanavyodhani. Kama mnanisoma ili niwaambie kwamba ukitenda haki moyo unatulia, mtafuteni mstaafu mwingine. Moyo wangu uliuma, na kazi ikaendelea, na sikujuta hata siku moja.

Mvua zilikuja, zikapita, zikaja tena. Niliendelea mpaka umri ukafika. Mlipotaka kunifanyia sherehe hotelini nikakataa, nikasema kama mnataka kuniaga niageni Kwa Nzula, mwethya ukiwa kazini, nami niwe kwenye mstari. Mnakumbuka, wengi wenu mlikuja na viatu vya ajabu. Kevin sasa ndiye aliyekuwa akiwacheka.

Mlikuwa mnakula muthokoi, ule mseto wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilhali mimi nilibaki kando ya ukuta nikinawa mikono. Nikaona kivuli kimesimama karibu yangu. Mzee Kioko, na fimbo sasa, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mawe. Alikuwa amesimama kwenye mstari huko juu mlimani asubuhi yote na sikujua. Mawe yaliyonifikia yalikuwa yamepita kwake.

"Nondo yangu uko nayo bado?"

"Niko nayo."

"Lete tupime."

Niliileta mbio kutoka garini, mkurugenzi mzima mstaafu. Akaikamata kwa mikono miwili, akaisimamisha mahali pale petu, akaisukuma. Ikaingia. Akasukuma tena, ikaingia, polepole, bila kugonga kitu, mpaka ngumi yake ikagusa mchanga na hakukuwa na chuma cha kusukuma tena. Tukaivuta pamoja. Ilikuwa imelowa karibu yote. Akapitisha kiganja juu yake, akaangalia maji kwenye kiganja.

Nilitaka kumwambia mengi niliyokuwa nimeyaandaa kwa miaka. Yeye akanitangulia.

"Ile siku ulikuja kwangu," akasema, "ulikaa kwa gari hapo kwa gate. Nilikuwa nakuona kwa dirisha. Ukawasha injini."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nilikuwa nimejua umetoka mtoni. Nikasema, huyu akigeuza hio gari, basi mimi sikumfundisha kitu."

Kisha akanirudishia nondo, akachukua viatu vyake, akaenda kumwuliza Mama Mutheu kama uji umebaki.